Neno la Kumtoa Biddy Shimoni

Wedderburn, Otago
Jumapili, 13 Mei 1951

Babu yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi wazima, ila Mama ana mafua, na jogoo amepatwa na baridi ya miguu hata hawiki mpaka jua lipande. Mawazo yetu yote yako kwako. Nyonga inaendeleaje? Je, manesi wamekubali kukutilia chumvi kwenye uji, au bado wanatia sukari?

Mwalimu Aitken anasema barua nzuri hujibu maswali kwanza, ndipo iulize ya kwake. Kwa kuwa bado hujaniandikia sina la kujibu, kwa hiyo naanza na habari.

Tangu ulipovunjika nyonga, Baba ndiye anayefanya kazi yako ya Bodi ya Sungura, ya kuwamaliza sungura wanaokula malisho ya kondoo, pamoja na mwenzako Bwana Tohill. Amechukua sepetu yako, farasi wako na mbwa wako Biddy. Sepetu haina maneno. Farasi naye amemkubali. Taabu ni Biddy.

Jana aliwafukuza sungura vizuri sana mpaka kwenye mashimo ya kando ya kijito, kisha badala ya kubaki nje akaingia nao. Baba alipiga magoti akamwita, “Biddy, toka! Toka!” mpaka sauti ikamkauka. Tulimsikia akibweka chini ya miguu yetu, mara hapa, mara kule. Walichimba mpaka saa tisa. Walipompata alikuwa amekwama katikati ya mizizi, pua imejaa udongo, na mkia unatikisika kwa furaha.

Bwana Tohill akasema, “Ewan, huyu si mbwa. Huyu ni sungura aliyekosea koti.”

Baba hakucheka. Alisema, “Kazi ya mbwa ni kuwaingiza sungura ndani, yeye abaki nje, sisi tutie unga wa gesi ya sumu na kuziba mashimo. Sasa huyu akiingia nao, nitie gesi au nisitie?”

Jumamosi tarehe 4 Agosti watatia gesi kwenye mteremko wako wa Mawe Matatu. Baba amesema Biddy asipojifunza kubaki nje kufikia siku hiyo, atampeleka Oamaru kwa mwenye kinu cha unga, akakamate panya. “Kule sakafu ni ya saruji,” anasema. “Atachimba nini?” Nilimwomba anipe nafasi nimfundishe mimi. Akasema, “Mpaka tarehe 4, Ishbel. Hakuna tarehe 5.”

Babu, wewe umefuga mbwa wa sungura tangu kabla Baba hajazaliwa. Nifanye nini? Na swali la pili: utarudi lini? Kiti chako kiko pale pale, na hakuna anayekikalia isipokuwa Biddy.

Mjukuu wako akupendaye,
Ishbel


Hospitalini, Dunedin
20 Mei 1951

Mjukuu wangu Ishbel,

Salamu zako zimefika zikiwa bado na moto, nami nakurudishia nyingine. Najibu maswali kwanza, Mwalimu Aitken asije akanichapa. Nyonga: inauma. Uji: sukari. Niliwaambia uji wa sukari ni chakula cha ndege wa tunduni, wakacheka, na kesho yake wakaongeza. Mkokoteni wa chai unapita saa nne na saa tisa, na chai yenyewe ni maji yaliyotishiwa majani.

Sasa Biddy. Siku ya Jumamosi mpeleke kwenye mashimo ukiwa umemfunga kamba ndefu, ile ya marobota ya sufu. Akinusa shimo na kusimama, mkia juu, mguu mmoja umeinuliwa, msifu hapo hapo, maana amekuonyesha kwamba sungura yupo. Akiinamisha kichwa ili aingie, vuta kamba kidogo umwambie “Toka!” kwa sauti ya mtu mwenye haki yake. Akirudi, mpe kipande cha ini. Chukua pia koti langu la zamani, lile ambalo mama yako hulitundika nje, ulitandike hatua chache kutoka kwenye shimo. Mbwa hapendi kuambiwa asiende. Anapenda kuambiwa aende wapi.

Akikuponyoka akaingia, piga magoti mdomoni mwa shimo umwite. Usichoke kumwita. Mimi nilimwita Tam siku mbili.

Tam hukumjua. Ulikuwa mwaka 1923, Bibi yako bado kijana wa kukimbia vilima, na Mawe Matatu ilikuwa ikitembea. Ndiyo, ikitembea. Jua likishuka, mteremko mzima wa kijivu ulisogea kwa wingi wa sungura, kama mtu anavuta blanketi. Tulikaa kwenye kibanda cha bati, ngozi zimetundikwa kwenye waya mpaka mlangoni, na Bibi yako akilalamika kwamba hata ndotoni ananuka sungura. Siku hizo ngozi zilikuwa na wanunuzi. Zilisafiri baharini zikawa kofia za mabwana wa London. Sasa Bodi haitaki ngozi, inataka kimya tu kilimani.

Tam alikuwa mwekundu kama kutu, mdogo kuliko Biddy. Aliingia chini ya lile jiwe la kati na hakutoka. Kwa hiyo mwite, Ishbel. Mwite.

Swali la pili: sirudi. Shangazi yako Netta ana chumba kitupu hapa mjini. Mtu asiyeweza kupanda kilima ana kazi gani chini yake? Biddy abaki na kiti.

Babu yako,
Dougal


Wedderburn
3 Juni 1951

Babu mpendwa,

Habari za wodini? Natumaini wenzako wa vitanda vya jirani hawakoromi tena. Sisi hatujambo. Mafua yamemtoka Mama, yamehamia kwa Baba. Majira ya baridi yameanza, theluji imeshuka mpaka katikati ya milima ya Hawkdun, na kila asubuhi tunavunja barafu kwa shoka ili kondoo wanywe.

Asante kwa maelekezo. Nimeyafuata yote kama ulivyoyaandika. Jumamosi ya kwanza Biddy alisimama mbele ya shimo, mguu juu, kama picha. Nikamsifu. Akainamisha kichwa, nikavuta kamba na kumwambia “Toka!” Babu, kamba ilinichubua viganja. Aliingia kana kwamba nimemsukuma. Jana niliifunga kamba kiunoni mwangu, nikaanguka kifudifudi, na Bwana Tohill akauliza, “Sasa hapo ni nani anayemfundisha mwenzake kuingia?”

Koti lako halikalii hata kidogo wakati wa kazi. Hulikalia wakati wa chai tu. Tukikaa chini kunywa, huja mwenyewe akajikunja juu yake kama paka, akingoja ganda la mkate lenye mafuta ya kondoo.

Jana hiyo hiyo kamba ilikatika akaingia. Nilipiga magoti nikaita kama ulivyosema, nikaita sana, lakini badala ya kusikia kubweka kwake kukija karibu, nilisikia kukienda mbali. Alitokea mwenyewe jioni upande wa pili wa kilima, amechoka hata kula hawezi.

Labda sauti yangu si ya mtu mwenye haki yake. Tafadhali niambie ninakosea wapi.

Na tafadhali rudi nyumbani. Mlangoni kuna vidato viwili tu, na Baba anaweza kuviondoa. Rudi, Babu. Sote tunasema hivyo.

Mjukuu wako,
Ishbel


Hospitalini, Dunedin
10 Juni 1951

Mjukuu wangu,

Salamu nimezipata, na mimi ni mzima kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima akiwa amelazwa chali kama kondoo aliyepinduka.

Ita kwa nguvu zaidi. Sogeza mdomo karibu na shimo. Mbwa aliye chini anahitaji kujua kwamba upo.

Kuhusu kurudi: wewe umeniomba, mama yako ameniandikia ukurasa mzima, na baba yako, ambaye haandiki hata orodha ya dukani, ametuma kadi. Kila mnavyoniita ndivyo ninavyozidi kuona uzuri wa chumba cha Netta. Niacheni. Kilima kile nimekipanda miaka arobaini na mitatu. Sina haja ya kukitazama nikiwa nimeketi kama picha ya ukutani.

Babu yako


Wedderburn
24 Juni 1951

Babu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umepata usingizi mzuri na maumivu yamepungua. Mimi niliumwa koo karibu wiki nzima. Sasa nimepona, na ugonjwa huo ndio habari yenyewe.

Jumamosi iliyopita sikuwa na sauti hata kidogo. Mama alinikataza kwenda kilimani, nikamsihi kwa kuandika kwenye karatasi, akacheka akaniruhusu. Tulipofika tu, Biddy akaingia shimo la karibu na uzio kabla sijamfunga kamba. Kwa mara ya kwanza sikuweza kuita. Nilikaa kwenye nyasi nikalia. Ikafika saa nne. Bwana Tohill hakujua kama Biddy yuko chini. Aligonga kifuniko cha kopo la chai kwa kijiko, kama afanyavyo akikumbuka, akapaza sauti, “Chai-i-i!”

Babu, Biddy alitoka kinyumenyume, akajikung'uta, akanipita kama sipo, akaenda kulala juu ya koti lako.

“Mbona unanitazama hivyo?” Bwana Tohill akaniuliza. “Sijatia sumu.”

Nililifikiria jambo hili wiki nzima. Jana sauti ilikuwa imerudi, nikafanya jaribio kama tunavyofundishwa shuleni, yaani kubadilisha kitu kimoja tu kila mara. Biddy akiwa amesimama mbele ya shimo, nimemshika kwa kamba, nilisema “Toka” kwa upole. Akainamisha kichwa akaingia. Kwenye shimo jingine nikasema “Toka!” kwa ukali. Akaingia. Kwenye la tatu nikanyamaza, nikageuka, nikaondoka nikigonga kifuniko na kusema “Chai!” Akaliacha shimo akanifuata. Nikarudia tena na tena, ikawa vile vile. Mwishowe nikaenda naye jikoni, mahali pasipo na sungura wala shimo, nikasema “Toka!” Akakimbia akaingiza kichwa chini ya kabati la vyombo.

Kwa hiyo sidhani kwamba Biddy ni mkaidi. Nadhani anatii. Nadhani kwake neno lile maana yake ni ingia. Na tukipiga magoti na kuita mdomoni mwa shimo, anaona kwamba tuko pamoja naye na tunamtia moyo.

Bado hajawa hodari. Sungura akiwa anakimbia mbele yake, mara nyingi hanisikii. Lakini tuna karibu wiki sita.

Naomba nikuulize bila kukukosea adabu: ulimfundishaje neno lile?

Mjukuu wako,
Ishbel

Nilisahau. Baba na Bwana Tohill wamenilalamikia. Kila nikisema “Chai!” wao nao wanaweka sepetu chini.


Wedderburn
15 Julai 1951

Babu mpendwa,

Je, u mzima? Wiki tatu zimepita na posta haina kitu chetu. Shangazi Netta alipiga simu, akasema unakula na umeanza kusimama kwa magongo, lakini huongei, na barua yangu umeiweka chini ya mto.

Kama nimekukosea, naomba radhi. Sikutaka kusema kwamba ulikosea. Nilitaka kujua tu.

Biddy anaendelea vizuri kidogo. Zimebaki siku ishirini.

Mjukuu wako,
Ishbel


Hospitalini, Dunedin
22 Julai 1951

Ishbel, mjukuu wangu,

Mimi mzima. Wasalimie wote. Na usiombe radhi. Mwenye kupaswa kuomba radhi alikuwa anatafuta maneno, na hapa hakuna mahali pa kuyatafutia ila kwenye dari.

Umeuliza nilimfundishaje. Biddy alipokuwa mtoto aliingia kwenye vijishimo vya ukingo wa kijito, mkia ukibaki nje. Mimi nilikuwa nikipiga magoti, nikicheka, nikimwimbia “Toka, toka, toka!” huku nampapasa mgongo. Akizidi kuingia, nami nazidi kucheka. Akija na sungura mdomoni, nampa ini. Nilidhani namfundisha kutoka. Kumbe yeye alisikia: mzee anafurahi, endelea. Neno lilikuwa la mdomo wangu, lakini maana aliipata mkononi mwangu.

Na ndivyo nilivyowafundisha wote. Ndivyo nilivyomfundisha Tam.

Habari ya Tam sikukumalizia. Siku ya pili Bibi yako alipanda kutoka kibandani na kopo la chai. Sikuwa nimekula kitu. Alisimama chini kwenye uzio, penye nguzo iliyoinama, akagonga kifuniko. Nilikuwa namsikia Tam akibweka mbali, ndani kabisa. Alipogonga, kubweka kukaja karibu. Nakumbuka wazi. Kukaja karibu kwa upande wa uzio. Nami nikamgeukia mke wangu nikamwambia, “Acha makelele, Maisie, simsikii mbwa!”

Akaweka kopo chini. Akasema, “Dougal, ondoka hapo uje unywe. Atakufuata.” Nikamwambia, “Wewe unajua nini habari ya mbwa?” Nikapiga magoti tena nikaita. Niliita mpaka hakukuwa na wa kuitika.

Miaka ishirini na minane nimejisifu kwamba sikuchoka kumwita.

Usiniandikie kwamba sikujua. Hilo nalijua. Bibi yako hakulitaja tena mpaka anafariki. Wala hakuacha kugonga kile kifuniko kila saa nne, hata mvua ikimpiga, na kila mbwa niliyepata kuwa naye alimkimbilia. Biddy naye aliishi naye mwaka mmoja. Kwa hiyo neno ulilolipata, bibie, si la Tohill wala si langu. Ni la Bibi yako.

Sasa sikiliza. Neno langu life. Asilitamke mtu karibu na Biddy, hasa baba yako, maana amelirithi kwangu. Siku ya gesi, sungura akiwa mbele, usimwite Biddy hata jina. Gonga, geuka, ondoka. Kanyaga kwa nguvu, kwa sababu mbwa aliye chini husikia miguu kabla ya maneno. Na usitazame nyuma. Hilo ndilo gumu. Mimi sikuliweza.

Babu yako


Wedderburn
5 Agosti 1951

Babu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, na hasa kutoka kwa Biddy, ambaye amelala juu ya miguu yangu ninapoandika.

Kwa hiyo umekwisha kujua. Lakini nitaeleza kwa utaratibu.

Jana asubuhi Mawe Matatu ilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na hapakuwa na upepo hata kidogo. Baba alisema hiyo ni hali nzuri kwa gesi. Nilitandika koti lako chini ya uzio, penye nguzo iliyoinama. Biddy alifanya kazi vizuri ajabu. Aliwafukuza sungura kutoka kwenye miiba na nyasi mpaka mashimoni, kisha akasimama nje akiyaonyesha moja moja. Nilipogonga alikuja. “Leo anafanya kazi kama aliyesoma barua za babu yake,” Bwana Tohill akasema. Wakaanza kutia unga, Baba akisukuma pampu, Bwana Tohill akiziba kwa mabonge ya udongo.

Ndipo sungura mmoja akachomoka nyuma ya jiwe la kati, Biddy nyuma yake. Kulikuwa na shimo ambalo hakuna aliyeliona, limefichwa na miiba, na moshi mweupe wa gesi ulikuwa unatoka humo, mwembamba kama pumzi ya ng'ombe asubuhi. Sungura akaingia humo humo.

Baba aliona kabla yangu. Aliangusha pampu akapiga kelele, “Biddy! Toka! Toka!”

Nilikuwa nimemkumbusha wakati wa kifungua kinywa, naye alikuwa ameahidi. Lakini alishikwa na hofu, na neno lililomjia ni lile alilolizoea. Biddy akainamisha kichwa. Mabega yakaingia.

Bwana Tohill, ambaye sijapata kumsikia akisema jambo bila mzaha, alimshika Baba mkono akamwambia, “Nyamaza, Ewan. Mwachie mtoto.”

Niligonga kifuniko. Nikageuka nikaanza kushuka, nikikanyaga kwa nguvu na kugonga, na sikutazama nyuma. Babu, ulisema kweli. Kutoka jiwe la kati mpaka uzioni si mbali, nimepakimbia mara nyingi nikicheza. Jana hapakuisha. Nilitazama koti tu. Nikafika nusu ya njia, koti tupu. Nikapita nusu, bado tupu. Nikasema “Chai,” lakini haikuwa sauti ya kusikiwa na mtu.

Kisha kitu kikanigusa mguu, kikanirushia udongo, kikafika kwenye koti kabla yangu.

Nilimpa ganda lake la mkate, na langu, na skonzi mbili za Mama. Alipiga chafya nyingi na macho yakamtoka machozi, lakini alikuwa mzima. Baba alishuka akakaa chini karibu naye. Alikuwa mweupe kuliko kilima. Akasema, “Mwenye kinu atafute paka.” Bwana Tohill naye akasema, “Na hiyo chai iko wapi? Au leo ni ya mbwa peke yake?”

Barua yako niliwasomea Baba na Mama, pamoja na habari ya Bibi. Natumaini hutakasirika. Baba alitoka nje. Leo baada ya kanisa amechukua nyundo, ameviondoa vile vidato viwili vya mlangoni, ameweka ubao wa mteremko. Anasema ni kwa ajili ya toroli la kuni.

Nimezifikiria barua zangu, Babu. Nilikuomba urudi, nawe ukazidi kukipenda chumba cha Shangazi. Kwa hiyo sitakuomba tena, na nimewasihi Baba na Mama nao wasikuombe. Nakuarifu tu kwamba chai hapa ni saa nne, kopo ni lile lile, na siku za wiki mimi niko shuleni. Bwana Tohill anaipika nyeusi kama lami, na mara nyingi husahau kugonga. Koti nimeliacha kwenye nguzo.

Safari hii sina swali.

Mjukuu wako akupendaye,
Ishbel


Hospitalini, Dunedin
16 Septemba 1951

Mjukuu wangu Ishbel,

Salamu kwako, kwa wazazi wako, kwa Biddy na hata kwa Tohill.

Nimekaa wiki sita nikisikiliza, na hakuna aliyeniita. Mama yako ameniandikia habari za kuku. Baba yako ametuma kadi kuhusu theluji. Wewe hukuandika lolote. Nikamuuliza Netta kama posta imegoma.

Jana saa nne mkokoteni wa chai ulikuja, na nesi mgeni akagonga kikombe kwa kijiko ili kutuamsha. Kabla sijajua nilikuwa nimesimama sakafuni, magongo yakiwa kule ukutani. “Mzee, unakwenda wapi?” akaniuliza. Nikamwambia nakwenda kwenye chai, ila si ile ya mkokoteni wake.

Daktari ameniachia. Netta amenuna, lakini amenifungia mizigo. Nitapanda treni ya Jumamosi, tarehe 22. Kilima sitakipanda. Ila kukaa chini yake, penye nguzo iliyoinama, na kopo na kijiko, hilo naliweza. Mwambie Tohill akae mbali na majani ya chai.

Njooni stesheni, wewe na Biddy. Usije mlangoni mwa behewa, wala usiniite, maana nikiitwa najijua, huzidi kuingia ndani. Gonga kifuniko, geuka, uanze kwenda nyumbani. Usitazame nyuma.

Lakini usikanyage haraka. Nina magongo mawili.

Babu yako